Kufunga kibao cha namba mbele ya gari la kisasa: ulinganisho wa njia zinazotumika Lubumbashi

Gari lililotumika likinunuliwa Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, mwenyewe hufika nalo Lubumbashi akiwa amelipia mambo mengi ambayo hakuyahesabu, na suala la kibao cha namba cha mbele humkuta amekwisha choka. Kibao cha nyuma hakimpi shida, kwa kuwa mahali pake papo, taa yake ipo na matundu yake yapo. Cha mbele ndicho hukabidhiwa fundi wa kwanza mwenye kekee, naye hupima katikati kwa jicho, hutoboa bampa matundu mawili, hukaza skrubu na kudai pesa yake kabla unga wa plastiki haujapeperuka. Kwa gari la miaka ya 1990 hapakuwa na ubaya mkubwa. Gari la leo lina rada, kamera, vihisi na nyaya nyuma ya plastiki ile ile, na baadhi ya vitu hivyo vina bei kuliko bampa yenyewe.

Nimeona njia tano zikitumika mjini, ukiacha mbili ambazo sioni sababu ya kuziita njia. Tatu kati yake nimezijaribu kwenye motokari yangu mwenyewe, Toyota C-HR ya mwaka 2017 iliyonifikia ikiwa na kishikizo cha kibao cha mbele kilichovunjika vipande viwili, na ile niliyoichagua kwanza kwa kujiona mjanja ndiyo iliyoniaibisha. Nitafika hapo.

Wapo wanaouliza kama kibao cha mbele kina ulazima wowote. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu chake cha 36, unataka gari linalovuka mipaka lionyeshe namba yake mbele na nyuma, na pikipiki ndiyo pekee inayoruhusiwa kuionyesha nyuma tu. Nchini mwetu kanuni za barabara zina msingi wake katika Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na yeyote aliyesimamishwa na polisi wa roulage, yaani wa usalama barabarani, kwenye mzunguko wa barabara anajua jicho la askari huanzia wapi. Mashaka haya huletwa zaidi na magari ya Marekani, kwa sababu majimbo kadhaa ya huko, Florida na Arizona yakiwa miongoni mwao, hayadai kibao cha mbele, na gari lililouzwa huko huweza kuja na bampa laini isiyo na tundu hata moja.

Njia mbili ninazoziacha nje ni hizi. Ya kwanza ni kusimamisha kibao juu ya dashibodi, nyuma ya kioo. Kioo kikipigwa na jua namba haisomeki, breki ikikamatwa ghafla kibao huteleza, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kutoka sehemu ya juu ya dashibodi, hivyo bati lililowekwa pale hurushwa usoni pa aliyeketi. Ya pili ni sumaku. Bampa ya sasa ni ya plastiki na sumaku haina kitu cha kukamata, labda uweke nyingine upande wa ndani, na hapo kibao huweza kuchukuliwa na mtoto yeyote apitaye.

Kibao kirefu, kishikizo kifupi

Ugumu wa kwanza uko kwenye vipimo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kibao chetu kina umbo refu la Ulaya, yaani takriban milimita 520 kwa 110. Cha Japani ni kifupi lakini kina kimo: milimita 330 kwa 165, nacho hushikwa na bolti mbili za M6 (zenye unene wa milimita 6) zilizoachana kwa milimita 210. Cha Marekani ni inchi 12 kwa 6, yaani kama milimita 305 kwa 152, na matundu yake yameachana kwa inchi 7. Gari la Japani kwa hiyo hufika na kishikizo chake, au walau na nati mbili zilizozamishwa kwenye bampa, ila vyote hivyo vilitengenezwa vibebe kitu kingine. Ukikifunga kibao chetu moja kwa moja juu ya kishikizo hicho, milimita 95 hubaki zinaning'inia hewani kila upande, wala matundu yaliyotobolewa kwenye kibao, kama yapo, hayalingani na zile bolti.

Tazama magari yaliyoegeshwa mbele ya soko lolote mjini na utaona matokeo yake. Ncha za kibao zimepinda kuelekea nyuma, rangi ya tarakimu za pembeni imechubuka, na ukiinama karibu na bolti utakuta ufa mwembamba kama unywele unaoanzia ukingoni mwa tundu na kuelekea kwenye herufi. Kibao ni bati la aluminiamu lenye unene wa milimita moja hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Likasi, upepo huzipiga ncha zile bila kupumzika, na mtikiso wote huishia pale bati liliposhikwa. Baada ya miezi kadhaa aluminiamu huchoka na kukatika, na upande mmoja ukishakatika, wa pili hausubiri.

Dawa yake ni ubao wa kuungia nyuma. Chukua fremu ya plastiki ya Ulaya, au kipande cha plastiki ngumu au cha aluminiamu ya milimita mbili hadi tatu, kikatwe kwa kipimo cha 520 kwa 110. Kifunge kwenye kishikizo cha Kijapani kwa zile bolti mbili za milimita 210, vichwa vyake vikiwa bapa au vimezamishwa. Kisha kibao kifungwe juu ya ubao huo kwa nukta nne, mbili zikiwa karibu na ncha. Magari yanayotoka Ubelgiji mara nyingi huja na fremu zilizoandikwa jina la muuzaji wa huko, na fremu hizo hututosha kabisa kwa kuwa kipimo ni kile kile, hivyo aliyezitoa kwenye gari lake asizitupe. Mafundi wengine hukata ubao kutoka kwenye ubavu wa dumu la plastiki. Hufanya kazi, mradi plastiki isiwe laini, maana laini hujikunja Oktoba inapofika na joto lake.

Kilicho nyuma ya bampa

Bampa yenyewe ni ganda la plastiki lenye unene wa kama milimita tatu. Nyuma yake kuna sponji ngumu ya kupunguza kishindo, nyuma ya sponji kuna mhimili wa chuma au aluminiamu, na nyuma ya mhimili kuna kondensa ya kiyoyozi, kisha rejeta. Mahali ambapo mhimili haupo, kama kwenye tundu la chini la hewa, kondensa huweza kuwa sentimita chache tu kutoka kwenye grili, na mapezi yake ni membamba kiasi kwamba skrubu ndefu kupita kiasi huyatoboa bila mtu kusikia chochote. Gesi hutoka polepole, na mwenye gari huja kulaumu kiyoyozi baada ya wiki mbili.

Rada ya kuzuia mgongano, ambayo Toyota ilianza kuieneza katika magari yake ya kawaida tangu 2015, hukaa nyuma ya nembo au ndani ya tundu la chini la bampa, kutegemea gari. Hufanya kazi kwa mawimbi ya gigahezi 76 hadi 77, na mawimbi hayo hupita kwenye plastiki lakini hurudishwa na chuma. Kibao kikiifunika hata kwa sehemu, dashibodi huonyesha ujumbe wa hitilafu na mfumo hujizima, au, jambo ambalo ni baya zaidi, gari huweza kushika breki kwa kitu ambacho hakipo. Kamera ya mbele iliyo chini ya nembo haiathiriwi na chuma, lakini ukingo wa juu wa kibao huingia kwenye picha yake. Vihisi vya kuegesha, vile viduara vinne au sita vinavyoonekana kwenye bampa, hulia ovyo kibao au fremu ikichomoza mbele yao. Na katika baadhi ya magari ambayo boneti huinuka lenyewe yanapogonga mtu, mrija mwembamba wa hewa hupita ndani ya sponji kutoka upande hadi upande. Anayeutoboa mrija huo hataona dalili yoyote siku ile.

Fundi niliyempelekea gari langu mara ya mwisho, kijana wa Kamalondo anayefanyia kazi chini ya mwembe, alikuta nimekwisha kutia alama nne za chaki kwenye bampa. Akazitazama, akaweka kekee chini. "Papa, tufungule kwanza, tuone mule ndani kuko nini," akaniambia. Alichomoa vibanio vya plastiki vya kifuniko cha juu kimoja kimoja, akavipanga kwenye kifuniko cha dumu la rangi ili visipotee mchangani, akaingiza simu yake yenye tochi na kunionyesha: alama yangu ya pili kutoka kushoto ilikuwa imeangukia sawasawa kwenye mkanda wa nyaya wa taa za ukungu. Tulizihamisha zote sentimita nne kuelekea kulia, na kibao kikabaki katikati kwa sababu ubao wa nyuma ndio uliosogezwa matundu yake.

Kishikizo cha kiwanda

Kama gari lako lina kishikizo kilichotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya soko la Ulaya, ulinganisho unaweza kuishia hapa. Kishikizo hicho kimeumbwa kwa mviringo wa bampa ile, hukiweka kibao mahali ambapo wahandisi wamekwisha kuhakikisha hakizibi rada wala hewa, na hufungwa kwenye vibonyeo vidogo ambavyo kiwanda huvitia upande wa ndani wa bampa, na mara nyingine wa nje, kuonyesha mahali pa kutobolewa. Pitisha kidole katikati ya bampa, usawa wa kibao, na huenda ukavigusa kabla hujaviona.

Tatizo ni kukipata. Aina moja ya gari huuzwa na bampa tofauti Japani, Ulaya na Marekani, na ndani ya aina hiyo hiyo sura ya mbele hubadilishwa katikati ya maisha ya gari, kwa hiyo kishikizo cha 2017 huenda kisikae kwenye gari la 2020 lenye jina lile lile. Wauzaji wa vipuri vilivyotumika hukubali ukienda na kilichovunjika mkononi wakalinganisha, na wanaoagiza nje huomba namba ya chasi. Mimi nilingoja wiki tano. Walioagiziwa kupitia Dubai wanasema wamengoja kidogo kuliko hapo, ila kishikizo cha Kijapani kilichotumika hupatikana kwa urahisi zaidi, na kikiongezewa ubao wa nyuma kinakaribia ubora wa kile cha Ulaya.

Kutoboa bampa

Wengi hukuona kutoboa kama kuliharibu gari. Sioni hivyo kwa gari ambalo mtu ananuia kulitumia mpaka lichoke, na hapa kwetu mtu huuza gari baada ya miaka mingi kwa mnunuzi ambaye naye atahitaji kibao cha mbele. Tofauti kubwa iko kwenye kinachopitishwa tunduni.

Skrubu inayojichimbia yenyewe ndiyo ya kawaida kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa hushikilia hesi chache tu katika plastiki ya milimita tatu. Siku ya kwanza inakaza vizuri. Baada ya mashimo ya msimu mmoja wa mvua tundu huwa pana, na fundi huja na skrubu nene zaidi, kisha nene zaidi ya hiyo. Ribiti za aluminiamu hukaa muda mrefu na mwizi hawezi kuzifungua kwa bisibisi. Wafaransa, ambao sheria yao inataka kibao kisichoondoleka, ndio waliozizoea zaidi. Lakini kuzitoa ni mpaka zichimbwe kwa kekee, na kila zinapochimbwa plastiki hupoteza kidogo ya ukingo wake.

Ninachokipendekeza kati ya hivi ni nati ya mpira, yaani nati ya shaba iliyofunikwa kwa mpira, ambayo huingizwa tunduni kwa mbele na bolti ikikazwa mpira hutuna upande wa ndani na kubana plastiki kwa upana. Hushika bila kuhitaji mkono kufika nyuma, humeza mtikiso, huzuia maji, na hufungulika bila madhara. Kasoro zake ni mbili. Inahitaji tundu pana kuliko skrubu, na anayekaza kwa nguvu zote huipasua. Kwa bolti ya kawaida yenye nati ya chuma na washa pana pande zote mbili matokeo huwa mazuri vile vile, mradi bampa ifunguliwe ili mtu afike nyuma.

Yule kijana alipotoboa alizungusha utepe wa karatasi kwenye ncha ya kekee, sentimita moja tu kutoka mwisho, na utepe ulipogusa bampa aliacha kusukuma. Nimeona wenye vifaa vya bei wakifanya kazi hiyo bila tahadhari ile.

Kulabu ya kuvutia gari

Magari mengi ya kisasa yana tundu lenye hesi nyuma ya kifuniko kidogo cha mraba au duara kwenye bampa, ambamo pete ya kuvutia gari huingizwa. Kuna vishikizo vinavyoingizwa humo na kubeba kibao upande wa kushoto au wa kulia. Faida yake kubwa ni kwamba bampa haitobolewi, rada haizibwi, na rejeta inapumua. Kwa gari la Marekani lenye bampa laini na grili iliyojaa vihisi, sijui njia nyingine iliyo safi kuliko hii.

Barabara zetu ndizo huipunguzia alama. Uzito wote hubebwa na mhimili mmoja uliozungushwa, na mtikiso wa barabara ya udongo hulegeza kila kilichozungushwa, hivyo bila nati ya kufungia kibao huanza kuinama upande kama kofia ya mlevi. Baadhi ya magari, yakiwemo mengi ya Volkswagen, yana hesi inayokazwa kwa kuzungushwa kinyume cha kawaida, na mtu asiyejua huilazimisha mpaka akaiharibu. Mvua za Januari nazo zina lao: gari likizama kwenye tope la Kasapa ndipo utakapoihitaji pete ya kuvutia, na itakubidi uondoe kibao ukiwa umepiga magoti majini. Wapo pia askari wanaosita wakikuta kibao pembeni badala ya katikati, ingawa kinasomeka vizuri. Mwenye gari la ofisi linalozunguka katikati ya mji tu hatakutana na mengi ya haya.

Kubana kwenye grili

Hii ni njia ya haraka: vibanio vya plastiki au mikanda ya nailoni hupitishwa kwenye matundu ya grili na kukazwa nyuma ya kibao. Kibao kina eneo la sentimita za mraba 572, na eneo hilo lote huwa limekaa mbele ya rejeta. Gari likitembea barabara kuu hewa hupata pa kupita pembeni. Likiwa limekwama kwenye msongamano saa nane mchana mwezi wa Oktoba, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, feni hulazimika kufanya kazi zaidi. Kwa gari lenye vipaa vya grili vinavyojifunga na kujifungua vyenyewe, mkanda uliopitishwa vibaya huvizuia visisogee. Mikanda myeupe hukauka na jua na kukatika ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Myeusi hudumu zaidi, na ya chuma kisichoshika kutu huikwaruza grili. Naikubali kama njia ya siku chache, gari likingoja kishikizo chake, na tu kama rada haiko mle.

Utepe wa gundi, na aibu yangu

Utepe wa povu wenye gundi pande mbili, ule mzito wa rangi ya kijivu, ulinivutia kwa sababu haudai tundu wala fundi. Nao una nguvu kweli ukitendewa haki. Maelekezo ya kutumia aina iliyo bora husema kwamba gundi hufikia kama nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72, kwa joto la kawaida la chumbani. Pia kwamba isibandikwe kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi.

Nami niliubandika asubuhi ya Julai. Mgeni huicheka baridi ya Lubumbashi, lakini kwenye mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni na Julai, asubuhi huanza chini ya nyuzi kumi. Isitoshe, nilibandika nusu ya utepe kwenye rangi ya bampa na nusu kwenye ile sehemu nyeusi isiyopakwa rangi, nayo ni plastiki ya jamii ya polipropilini ambayo gundi nyingi haziipendi, labda ipakwe kwanza dawa ya kuishikisha. Na nilikipinda kibao kwa nguvu ili kifuate mviringo wa bampa, jambo ambalo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu bati lililopindwa hutaka kunyooka usiku na mchana na huivuta gundi ncha kwa ncha mpaka iachie. Siku tatu baadaye, kwenye kituo cha ushuru wa barabara nikielekea Kasumbalesa, mfanyakazi alinyoosha kidole kabla hata sijatoa pesa: "Papa, plake inaanguka." Kilikuwa kimebaki na upande mmoja. Nilikivua na kumaliza safari kikiwa mapajani mwa mke wangu, ambaye hakusema neno hadi tulipofika.

Anayetaka kuutumia utepe licha ya hayo aubandike kwenye sehemu iliyopakwa rangi tu, iliyosafishwa kwa spiriti na kukauka, mchana penye joto, kwenye kibao kilichopindwa kwanza kwa mkono hadi kilingane na bampa bila kulazimishwa, na gari lisioshwe kwa pampu ya maji ya nguvu kwa siku tatu. Kwa gari lililolala barazani huenda ikatosha. Kwa gari linalokwenda Kolwezi kila wiki, sithubutu.

Njia ipi kwa gari lipi

Gari la Kijapani lililokuja na kishikizo chake, ambalo ndilo wengi wetu tunalo, lipewe ubao wa nyuma wa 520 kwa 110 na bolti zake mbili za asili, na hakuna tundu jipya litakalohitajika. Kama kishikizo hakipo lakini nati mbili zimo kwenye bampa, ubao huo huo ufungwe juu yake ukiwa umewekewa vipande vya mpira nyuma ili ukae sawa kwenye mviringo. Gari la Ulaya lina mahali pake, kilichobaki ni fremu tu. Gari la Marekani lisilo na tundu lolote huhitaji uamuzi wa mwenyewe: kulabu ya kuvutia kama linaishi kwenye lami, nati za mpira nne kama linaishi kwenye vumbi.

Teksi na magari ya kazi za migodini nayaweka peke yake. Haya hutikiswa kutwa, huoshwa kwa pampu kila jioni, na vibao vyake huwashawishi wezi. Kwayo ningetumia bolti zinazopita hadi nyuma, washa pana na nati zenye nailoni ndani zisizolegea, na mbili kati ya nne ziwe ribiti.

Gari langu sasa lina kishikizo cha Kijapani kilichotumika, ubao wa aluminiamu na nati mbili za mpira za nyongeza kwenye ncha. Yule kijana alipomaliza kukaza aligonga kibao kwa ngumi mara mbili, akainamisha sikio, akasikia mlio wa bati upande wa kulia. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akakichomeka nyuma ya ncha ile kwa bisibisi, akagonga tena, na safari hii ulisikika mshindo mzito usio na mwangwi. Akaniambia nirudi baada ya kilomita mia tano azikaze bolti upya bila malipo. Nilirudi, na moja ilikuwa imelegea robo mzunguko.